Mawe Yaliyoazimwa

Zamani mtu akivunjika miguu, rika lake lilimbeba mabegani hadi ndani ya kila nyumba aliyotaka kuingia. Siku hizi anaundiwa kiti cha magurudumu, kisha anaachwa chini ya ngazi aangalie juu.

Micah Kiprugut aliyaona yote mawili, la kwanza likifa na la pili likizaliwa, na yote aliyaona Nakuru, mwaka wa hamsini na tano, wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, mji ulipokuwa umejaa vumbi na vipande, zile karatasi za ruhusa ya kutembea, na watu wa kuulizwa wanakwenda wapi. Alikuwa mwashi. Mawe ya kuchonga yalimtii kuliko watoto wake. Hakusoma shule hata siku moja. Kusoma alijifundisha machimboni kwa vipande vya magazeti yaliyofungia sukari, na kwa hiyo aliheshimiwa mara mbili: kwa mikono yake na kwa macho yake. Mwaka huo huo kanisa la location, mtaa wa wafanyakazi Waafrika, lilimfanya mzee wa kanisa.

Mwenzake Kipsang alikuwa fundi wa viatu. Hao wawili walizaliwa upande wa Londiani, wakatahiriwa msimu mmoja, wakalala kibanda kimoja, wakala chombo kimoja mpaka majeraha yakapona. Kwa Wakipsigis, kabila lao, watu wa namna hiyo hawaitani marafiki, kwa maana rafiki huweza kuachwa. Waliitana rika. Kabla ya viatu Kipsang alikuwa akifanya kazi kwenye lori la kubeba pareto. Lori hilo likapinduka kwenye mteremko wa Mau, yeye akatoka chini yake akiwa hai kuanzia kiunoni kwenda juu. Alipotoka hospitali, fundi wa baiskeli alimtengenezea kiti: magurudumu mawili ya baiskeli pembeni, kigurudumu cha toroli mbele, na kiti cha mbao kilichokatwa miguu. Kilipiga kelele kama nguruwe anayefukuzwa. Watoto walikijua kabla hakijatokea kwenye kona.

Kazi ya viatu aliifanyia kwenye veranda ya maduka, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Maduka hayo yalijengwa juu sana, kwa sababu mvua ikinyesha mlimani Menengai maji hushuka mjini kama ng'ombe walioona chumvi, na mwenye maduka hakutaka sukari yake ilowe. Ngazi zilikuwa za kumfikia mtu kiunoni. Mwanzoni haikuwa shida. Kila asubuhi wanaume wanne wa rika lake, Micah mmoja wao, walipitia pale kabla ya kwenda kazini, wakakishika kiti pembe nne, wakakipandisha, wakatukanana kidogo, wakaenda zao. Jioni wakamshusha. Hakuna aliyewaomba na hakuna aliyewashukuru. Nani humshukuru mkono wake kwa kumpelekea chakula mdomoni?

Lakini kazi ya mshahara haijui rika. Mmoja alipelekwa kwenye kinu cha mbao Molo. Mwingine akahamishiwa Gilgil na reli. Wa tatu alianza kazi ya zamu, akawa analala watu wanapoamka. Akabaki Micah peke yake, na mtu mmoja hawezi kubeba pembe nne. Ndipo alipojenga mteremko wa kupandia kiti. Aliupanga kwa mawe makubwa ya kuchonga, bila simiti, jiwe likikaa juu ya jiwe kwa uzito wake, kuanzia kwenye kijia kinachotoka location hadi ukingo wa veranda. Kipsang alipanda mwenyewe siku ya kwanza, akafika juu anahema, akasema, "Rika, sasa umenifukuza mikononi mwenu." Wote wakacheka. Micah naye akacheka, ingawa maneno hayo yalimchoma kidogo na hakujua kwa nini.

Mambo yakaenda hivyo miezi kadhaa.

Kisha ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa wa kanisa angekuja kutoka Nairobi Jumapili. Micah alikuwa akijenga ukumbi mdogo mbele ya mlango wa kanisa, na lori la machimbo, ambalo lingeleta mawe ya ngazi, halikufika. Wazee wenzake wakamzunguka. Mgeni atapanda wapi? Atarushwa dirishani? Mmoja akamkumbusha kwamba mwaka ujao kanisa litajenga shule, na shule inahitaji fundi anayetimiza ahadi. Alhamisi jioni Micah alichukua mkokoteni akaenda kwenye maduka.

Kipsang alikuwa anafunga vyombo vyake, mkewe Jepkorir amekuja kumchukua.

"Nataka kuazima mawe yako," Micah akasema. "Jumatatu yatakuwa yamerudi."

"Mawe yangu? Nilidhani ni yako."

"Usinichekeshe, nina haraka. Ni ya mgeni. Jumapili akishaondoka nayarudisha."

"Na kesho mimi nitapanda na mabawa?" Kipsang akauliza.

"Kesho utabebwa. Wanaume wapo."

"Wanaume gani, Micah?"

"Rika lipo. Rika halifi. Nitapita mwenyewe asubuhi na mtu mwingine."

Jepkorir alikuwa ameshika mgongo wa kiti. Akasema polepole, kama mwanamke anavyosema na mtu wa rika la mumewe, bila kumtazama usoni, "Baba Chepngeno, huyo mtu mwingine ni nani?"

Alimwita hivyo kwa jina la binti wa Micah, kwa heshima.  Micah alisema tu, "Atapatikana," akaanza kupakia mawe. Mlinzi wa maduka, Mkikuyu mmoja wa makamo aliyeitwa Mathenge, alimsaidia kuinua yale mazito.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Watu husema kosa la mtu ni uchoyo au ulevi. La Micah lilikuwa imani: aliegemea desturi kama mtu anavyoegemea ukuta aliouacha nyumbani, asigeuke kutazama kama bado umesimama. Ukuta haukuwepo. Yeye mwenyewe aliuona ukianguka, mtu mmoja mmoja, Molo, Gilgil, kazi ya zamu, na bado akaegemea.

Ijumaa asubuhi chokaa ilikuwa imechanganywa, na chokaa haingoji mtu. Micah alijiambia atakwenda ikishaisha. Kipsang alifika chini ya veranda na kiti chake, akangoja. Jepkorir alikuwa ameshaenda kununua maziwa ya kuuza. Vijana wawili wapagazi walipita.

"Mzee, tukubebe? Tukupandishe kama bibi arusi!"

"Nitakupigia vigelegele mimi," mwenzake akaongeza.

Walikuwa na nia njema, labda. Lakini mwanaume aliyebebwa na rika lake hawezi kubebwa na watoto wanaocheka. Kipsang akawaambia waende salama. Aliangalia kijia alichotokea, hakuna mtu. Mwisho wa safu ya maduka, karibu na pampu ya mafuta, ardhi ilikuwa imeinuka ikalingana na veranda. Kufika huko kulikuwa na njia moja, barabara kuu, kwa maana ukingoni kulikuwa na mtaro. Akageuza kiti, akaingia barabarani.

Lori la maziwa lilitokea upande wa Lanet. Dereva alipiga honi. Kiti cha Kipsang kilikuwa kikipiga kelele zake, honi ikamezwa humo.

Hakufa. Mkono wa kulia ulivunjika sehemu mbili, mkono wa kushika sindano na nyundo, na kiti kikawa chuma kilichopindana. Micah alisikia habari akiwa juu ya jukwaa, mwiko mkononi. Alishuka, akakimbia na chokaa mpaka kwenye viwiko, akakuta barabara imeshafagiliwa.

Jumapili mgeni alifika. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likasimama karibu na mlango wa pembeni ili viatu vyake visiingie matope, naye akaingia kwa mlango huo huo. Ngazi hakuzikanyaga. Micah alisimama ukumbini na kofia mkononi mpaka wimbo wa pili ulipoanza.

Jumatatu, kabla jua halijawa kali, alirudisha mawe yote. Aliyapanga vizuri kuliko mara ya kwanza, akaziba nyufa kwa kokoto, akafagia. Mtu akiwa na hatia mikono yake hutafuta kazi. Alipomaliza alirudi nyuma akautazama mteremko, na kwa dakika chache alijisikia amelipa.

Siku mbili tatu baadaye gazeti lilifika kwenye hoteli ya chai ya Wariara, na kama kawaida likawekwa mbele ya Micah. Wariara alikuwa mjane mwenye mikono mikubwa na maneno mafupi. Mathenge alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake, amemaliza zamu. Kulikuwa pia na Naftaly, dereva wa lori la ngano, mtu wa kusema sana.

"Wa macho, tusomee," Naftaly akasema. "Wanasema sisi madereva tumeandikwa."

Micah akasoma kwa sauti ile watu waliyoizoea. "Nakuru. Kilema mmoja aliyekuwa akiendesha kiti cha magurudumu katikati ya barabara kuu aligongwa na lori wiki iliyopita. Dereva hakuwa na kosa. Inasemekana kilema huyo alikuwa na njia yake salama lakini hakutaka kuitumia. Wakubwa wa mji wanafikiri kupiga marufuku viti vya namna hiyo barabarani."

"Unaona!" Naftaly akapiga meza. "Barabara ni ya magari. Mimi nikiingia na lori kanisani mtaniambia karibu?"

"Wewe hata bila lori hujaingia," Wariara akamwambia, na watu wakacheka.

"Lakini ni kweli, mama. Kiti hakina breki, hakina taa, kina mdomo tu. Sasa mtu amewekewa njia, amejengewa na fundi huyu huyu hapa, halafu anaikataa? Huyo anatafuta kufa, na anaharibu mkate wa mwenzake."

Mathenge aliweka kikombe chini. "Soma tena pale," akamwambia Micah. "Pale pa njia salama."

Micah akasoma tena. Sauti yake ilikuwa ile ile. Alipoinua macho, Mathenge alikuwa bado anamtazama, bila hasira, kama mtu anayengoja mwenzake akumbuke kitu alichosahau mezani. Micah akakunja gazeti. Akasema chai imepoa.

Njiani kurudi kazini ndipo alipofahamu alichofanya. Kuondoa mawe kulikuwa kosa. Kuyarudisha kulikuwa ushahidi wa uongo. Mtu yeyote aliyekwenda kutazama tangu Jumatatu aliona mteremko safi, imara, umefagiliwa, na akasema moyoni: kwa nini huyu kiwete alikwenda barabarani?

Na hedimani wa location, mkubwa wa mtaa aliyewekwa na serikali, alikuwa amekwenda kutazama.

Shauri liliitwa Jumamosi, nje ya ofisi ya hedimani, mtu mnene mwenye koti la kijeshi. Hakukuwa na kesi ya dereva, hiyo iliisha. Kilichoamuliwa kilikuwa jambo moja tu: kama Kipsang atabaki mjini au atarudishwa kwao. Siku hizo mtu asiye na kazi wala mahali pa kazi hakuwa na haki ya kulala location, na mtu aliyesumbua barabara alikuwa mbaya zaidi. Kipsang aliletwa kwa toroli la kubebea mchanga, mkono umefungwa kwa mbao, Jepkorir amesimama nyuma yake. Londiani hakuwa na shamba. Ndugu zake walikuwa maskwota kwenye mashamba ya Wazungu. Fundi wa viatu asiye na watu wa kuvaa viatu, angekula nini? Kila aliyekuwa pale alilijua hilo.

"Nimekwenda mwenyewe," hedimani akasema. "Mteremko upo. Nimeupanda kwa miguu yangu na koti hili. Kipsang, kwa nini hukuupanda?"

 "Siku ile sikuweza," Kipsang akasema.

"Hukuweza kwa nini?"

Kipsang akaushika mkono wake uliofungwa, akangoja.

Desturi yao ilikuwa hivi. Mtu wa rika akikosa, mwenzake hamsemi mbele ya watu. Humwachia nafasi asimame aseme mwenyewe. Akisema, rika lote husimama naye, na kosa lake linakuwa la wote. Desturi hiyo ilikuwa nzuri sana wakati watu walipokuwa wakisimama.

Micah aliijua. Alikaa mstari wa mbele pamoja na wazee wa kanisa, na nafasi ile aliiona imefunguliwa mbele yake, pana kama lango la ng'ombe. Maneno yalikuwa machache: mawe niliyaazima mimi. Lakini kando yake alikuwa amekaa mzee aliyemtajia habari za shule, na nyuma watu wote aliowasomea gazeti. Akamtazama Mathenge. Mathenge alikuwa anatazama ardhi. Mkikuyu mwenye kipande mfukoni, mwaka ule kabila lake lote liliposhukiwa, angeinua mdomo mbele ya serikali kumtetea nani? Akamtazama Kipsang, akingoja, Mungu amsamehe, Kipsang amsemee.

"Fundi," hedimani akamgeukia. "Ni wewe uliyejenga ule mteremko?"

"Ni mimi."

"Ni imara?"

"Ni imara."

"Kiti kinaweza kupanda?"

"Kinaweza."

Kila neno lilikuwa la kweli. Jepkorir alifungua mdomo, na Micah akaona mkono mzima wa Kipsang ukienda nyuma, ukamshika mkewe kifundo cha mkono, ukakaa hapo.

Hedimani akapumua. "Mimi si mtu mbaya," akasema. "Kama mteremko ungekuwa haupo siku ile, ningesema kosa si lake, mtu aliyeuondoa aupange tena, na huyu arudi kwenye viatu vyake. Shauri lingeisha kabla ya chai. Lakini upo." Alimwambia karani aandike. Kipsang atarudi kwao mkono ukishapona kiasi cha kuvumilia safari.

Watu wakatawanyika. Mzee wa shule akampigapiga Micah begani.

Siku zilizofuata Micah alikwenda mpaka karibu na mlango wa ofisi ya hedimani, akarudi. Akaenda tena. Mara moja aliingia, akamkuta karani peke yake, akauliza habari ya kipande cha kufanya kazi Naivasha ambacho hakukihitaji. Nyumbani Chepngeno alimwuliza kwa nini halali, naye akamkemea. Kwenye hoteli ya Wariara alisema macho yanamuuma, gazeti asome mwingine. Hakuna mwingine aliyejua kusoma, kwa hiyo lilikaa mezani, watu wakalifungia samaki.

Mwishowe alimwambia mtu mmoja: Wariara, asubuhi moja kabla ya wateja kufika. Alimweleza yote. Wariara aliendelea kukata mkate.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akauliza. "Mimi ni hedimani?"

"Nataka ushauri."

"Hutaki ushauri. Unataka mtu akuambie pole. Lori linaloleta mbao linaondoka leo saa tatu, liko pale nyuma ya stesheni, na wao wako juu yake. Nenda, bado muda upo."

Micah alikwenda haraka, na aproni ya kazi kiunoni. Lori lilikuwa limeshapakiwa magunia ya simiti na mabati ya kurudi nayo. Kipsang alikuwa amekalishwa juu ya magunia, blanketi begani, ametazama upande wa Mau. Wapagazi walikuwa wamempandisha. Jepkorir alikuwa bado chini, anafunga sufuria kwa kamba.

"Mama," Micah akaanza.

Jepkorir hakumwita Baba Chepngeno. Alifunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Nataka kwenda kwa hedimani sasa hivi," Micah akasema. "Dereva angoje. Nitasema."

"Nilitaka kusema mimi, siku ile," Jepkorir akajibu. "Alinishika. Usiku nikamwuliza kwa nini, akasema utasimama tu, kwamba wewe ni mtu mzito wa kusimama lakini ukisimama husimama. Alingoja Jumapili. Alingoja Jumatatu. Jana ndipo aliponiambia nifunge vyombo."

"Bado naweza kwenda."

"Nenda basi," akasema. "Nani amekuzuia?"

Alimpa mgongo, akakanyaga gurudumu, akapanda. Micah akainua uso kumwita Kipsang kwa lile neno waliloitana tangu kibandani. Badala yake akaushika ubao wa lori. Kipsang alikuwa amesikia yote, kwa maana lori halikuwa limewashwa, lakini shingo yake haikugeuka. Na Micah alielewa kwamba hakuwa akimdharau. Alikuwa tu amemaliza kungoja.

Injini ikanguruma. Lori likatoka kwa vishindo, likapita reli, likashika barabara ya Njoro. Pale reli zilipokatiza, magunia yaliruka, na Kipsang, asiyekuwa na miguu ya kujizuia, akaanza kuteleza. Micah alikwenda hatua chache nyuma ya lori, akainua mkono. Jepkorir alimwona. Mikono yake yote miwili ilikuwa imemkumbatia mumewe kifuani, imemkaza, na lori likaingia kwenye vumbi lake lenyewe.